Jibu Litatoka Osaka

Mwanamke akiposwa Kibuyuni, habari hufika gengeni kabla ya kumfikia mwenyewe. Nusra binti Mwero alipoposwa na Abubakar, aliyemwambia kwanza alikuwa muuza mihogo, tena akamwongezea kipande kizima kwa furaha.

Nusra alikuwa na miaka arobaini na tisa. Mumewe alifariki zamani kidogo, watoto wake watatu walikuwa wameshika njia zao, naye alikuwa mmoja wa wale wanawake wanaofunga mwani kwenye kamba pale ufukweni maji yanapotoka. Abubakar naye alikuwa mgane, mwenye mashua ya injini inayowachukua wageni Shimoni kwenda kutazama pomboo. Mtu wa watu, mcheshi, hana ugomvi hata na paka. Kwa hiyo kijiji kizima kilidhani jibu limeshapatikana, na kilichobaki ni kuchagua siku ya pilau.

Kijiji kilikosea. Nusra alipoolewa mara ya kwanza alikuwa na miaka kumi na saba, na hakuna aliyemsikia akisema neno. Walimuuliza akiwa nyuma ya mlango, akanyamaza, nao wakatoka wakasema ameridhia, maana mwari kimya chake ndiyo idhini yake. Mjane hana ruhusa hiyo. Mjane lazima atamke mwenyewe, kwa kinywa chake, na asikike. Nusra alikuwa ameulizwa kwa mara ya kwanza maishani mwake jambo linalongoja sauti yake, akajikuta hajui la kusema.

Ndipo likaja hili la Japani. Shirika linalofanya kazi na wakulima wa mwani lilikitaka kikundi chao kitoe mtu mmoja aende mji wa Osaka, wiki mbili, akajifunze namna wenzetu wanavyoukausha na kuutengeneza. Wanawake wakamchagua Nusra kwa kuwa haogopi kuuliza. Angefika Ijumaa usiku, na wenzake wa nchi nyingine wangefika Jumapili. Katikati palikuwa na Jumamosi tupu isiyo na mwenyewe.

"Kaka," Nusra alimwambia Tofiki, kaka yake mkubwa, ambaye ndiye aliyepokea posa, "kutoka nyumba ya baba niliingia nyumba ya mume. Kutoka kwa mume nikaingia mikononi mwa watoto. Sijapata siku moja ya peke yangu tangu nizaliwe. Hiyo Jumamosi ni yangu. Nikiimaliza nitatoa jibu. Mwambie Abubakar asiniulize kabla."

Tofiki alivua kofia akajikuna kichwa. "Yaani unakwenda kuonja upweke uone kama ni mtamu?"

"Ndiyo."

"Na ukiwa mtamu?"

Nusra akaitwaa ile kofia akamrudishia kichwani, na hapo ndipo palipokuwa na jambo lenyewe.

Abubakar alipoambiwa alicheka kidogo, halafu hakucheka tena. Tangu apeleke wazee alikuwa akimpigia Nusra asubuhi kabla ya kushuka baharini, na tena baada ya magharibi, kwa idhini ya Tofiki, dakika chache tu za habari za pomboo na wageni walioungua jua wakawa kama kamba wa kuchemsha. Nusra alikuwa amezizoea simu hizo kuliko alivyopenda kukiri.

Basi Jumamosi asubuhi, Nusra huyo alitoka katika hoteli yake Osaka amevaa buibui juu ya sweta mbili, na soksi nene alizonunuliwa na binti yake Salwa. Novemba ya huko ni baridi ya kumwuma mtu masikio. Mtu wa kwanza aliyekutana naye alikuwa mzee mmoja anayefagia majani ya manjano mbele ya duka lake.

"Shikamoo baba," alisema Nusra. Ulimi ulimtangulia.

Mzee akasimamisha ufagio, akainama. Nusra, asije akaonekana hana malezi, akainama. Mzee kuona ameinamiwa na mgeni akainama zaidi. Nusra akashuka chini zaidi ya hapo. Sijui wangefika wapi, maana wote wawili walikuwa watu wa heshima na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kunyanyuka, lakini baiskeli ilipita ikapiga kengele na wote wakaruka pembeni wakicheka.

Akaendelea na safari yake. Sasa, Kibuyuni huwezi kutoka mlangoni kwako hadi dukani bila kuulizwa waenda wapi, na ni adabu kujibu, na ukijibu utaulizwa kufanya nini, na ukirudi utaulizwa mbona umechelewa. Hapa Nusra alikata kushoto na hakuulizwa. Akakata kulia, kimya. Akageuka akarudi alikotoka, kwa ukorofi tu, aone kama yupo atakayemuuliza umesahau nini. Hayupo. Maelfu ya watu wanapita, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na haja na safari yake.

Alifurahi kiasi cha kuona aibu. Alisimama mbele ya mashine inayouza chai ya moto ndani ya kopo, akanunua, akainywa amesimama barabarani kama mhuni, na akaona tamu.

Mhudumu wa hoteli alikuwa amemnunulia kadi ya treni, kwa hiyo akapanda ile inayozunguka mji. Behewa lilijaa watu na halikuwa na sauti hata moja. Nusra alikaa kwa adabu, mikono mapajani. Mara mtoto akaangua kicheko, kicheko kikubwa cha kukata mbavu, na watu wote wakageuka. Nusra naye akageuka kumtafuta mtoto mwenyewe, hadi alipokumbuka kwamba huyo ni mjukuu wake, aliyerekodiwa na Salwa akawekwa kuwa mlio wa simu.

Aliyepiga alikuwa Mbodze, mke wa Tofiki. Kibuyuni alfajiri ilikuwa imeswaliwa sasa hivi.

"Asalaam aleikum, wifi! Umeamkaje?"

"Waaleikumu salaam, wifi! Salama! Nimo ndani ya treni!"

"Mbona wapiga kelele hivyo?"

"Si wewe uko mbali!"

"Haya, niambie, umeshafikiri? Mie nimeshazungumza na mpishi. Pilau ataipika yeye, lakini ataka kujua ni mwezi gani, asije akachukua kazi nyingine."

"Wifi, siku yenyewe haijafika hata nusu!"

"Nusu ya nini? Mwanamume mzima, ana mashua, havuti sigara, wewe wataka nusu ya nini?"

Bwana mmoja aliyevaa suti, aliyekaa mbele yake, alikohoa kidogo na kunyoosha kidole, taratibu, kwa huruma kabisa, hadi kwenye picha iliyobandikwa dirishani: simu, na msalaba mwekundu juu yake. Nusra akaitazama picha. Akalitazama behewa. Kila mtu alikuwa anaangalia viatu vyake kwa bidii. Alimkatia wifi yake katikati ya neno, akaizima simu sauti, akainuka na kuliinamia behewa zima, upande huu na upande ule, kisha akakaa akitamani buibui limfunike asionekane tena.

Vituo viwili vilipita ndipo uso ukampoa. Akaanza kuusikiliza ule ukimya. Kwetu watu wawili wakikaa pamoja bila kusema, ujue mmoja ana kesi na mwenzake. Hawa hawakuwa na kesi. Walikuwa wamekaa tu, kila mmoja na yake kichwani, na hakuna aliyemdai mwenzake maneno. Nusra akaegemea kiti, akalizunguka jiji lote mara moja, akaona halikutosha, akalizunguka tena.

Adhuhuri ilimkuta katika bustani ya ngome kubwa ya kale, yenye kuta za mawe ambayo hata lori haliwezi kuyavuta. Alitandika khanga yake kwenye nyasi akaswali. Halafu akakaa kwenye benchi na chakula alichonunua baada ya kuhojiana na muuzaji kwa simu inayotafsiri kwa muda mrefu kuhusu nyama na mvinyo: matonge mawili ya wali yenye samaki ndani, yamevikwa mwani mweusi mkavu, mwembamba kama karatasi. Aliugeuzageuza kwa jicho la mtu wa kazi. Haukuwa mwani wa kwao. Wa kwao ni mnene na wenye matawi, na hakuna mtu Kibuyuni aliyewahi kuuvisha wali. Lakini alipouma aliujua. Ilikuwa bahari ileile.

Kabla hajauma mara ya pili, bibi mmoja akaja akaegesha baiskeli na kukaa upande wa pili wa benchi. Mtu mzima hasa, labda miaka themanini, amepaka midomo rangi nyekundu na kofia ameivaa upande.

Hapo Nusra akakwama. Mtu amekaa karibu yake bila kitu, naye Nusra ana chakula mkononi. Hakuna mwanamke wa Kibuyuni anayeweza kukimeza chakula hicho.

"Karibu, bibi," alisema, akamnyooshea lile tonge la pili.

Bibi akashtuka, akapunga mkono: hapana, hapana. Nusra hakuurudisha mkono. Kwetu hiyo hapana ya kwanza haina maana yoyote, na ya pili pia ni ya heshima tu. Bibi akapunga tena. Mkono wa Nusra ukabaki pale pale. Kitu ambacho Nusra alikisahau ni kwamba kwetu hiyo karibu ya chakula huwa na mwisho: mwenzako atasema asante nimetoka kula, nawe utaendelea kula kwa amani, chakula chako kimebaki chote. Bibi hakuyajua maneno hayo. Alipoona mkono hauondoki, alilipokea tonge kwa mikono miwili, akainama, akalila lote hadi punje ya mwisho.

Nusra alibaki na nusu ya chakula chake cha mchana na furaha kubwa isiyo na kiasi. Bibi naye akatoa chenza mfukoni, akalimenya, akampa nusu. Wakala kimya. Baadaye Nusra akamwuliza kwa kidole kimoja kilichosimama: peke yako? Bibi akaelewa. Akaitikia kwa kichwa, akainua kidole chake kimoja, akaipigapiga baiskeli yake begani kama mtu anayemtambulisha rafiki, akacheka. Halafu akaipanda akaenda zake, akiwapigia kengele njiwa wampishe.

Nusra alikuwa amejiandaa kumwonea huruma, lakini huruma haikuja. Ilikuja husuda kidogo. Kumbe mtu anaweza kuzeeka peke yake na midomo myekundu. Jibu likaanza kuota moyoni mwake, na halikuwa jibu ambalo mpishi wa Mbodze angelipenda.

Jioni ilipokuwa inaingia alifika kwenye soko lenye paa refu, na humo ndani akaliona duka ambalo halikuuza kitu kingine ila mwani. Mwani mpana kama mkanda, mwani wa kusagwa, mwani uliofungwa kwa ustadi kama zawadi ya harusi. Akasimama akashika, akanusa, akasahau hata baridi. Mwenye duka, mama wa makamo mwenye aproni, aliuona mkono wake unavyoshika akajua huyu si mtalii wa picha. Akaongea na simu yake, na simu ikasema Kiswahili kilichonyooka kama kimepigwa pasi:

"Mwani huu hutolewa wakati wa posa. Familia ya bwana hupeleka kwa familia ya bibi. Ni baraka."

"Hata nyinyi!" alisema Nusra kwa sauti, na kuitazama ile simu kwa ghadhabu, kana kwamba Mbodze ndiye aliyekuwa ndani yake.

Ndipo alipoitoa simu yake mwenyewe mkobani. Ilikuwa imejaa majina ya waliopiga. Mbodze tena na tena, Salwa, wanawake wa kikundi, mpaka muuza mihogo. Akapitisha kidole taratibu, jina kwa jina, hadi chini kabisa. Akarudi juu akaanza upya. Abubakar hakuwemo.

Mtu angesema, si ulimkataza? Nusra alikuwa tayari na jibu la mtu huyo. Alichokatazwa Abubakar ni kuuliza kuhusu posa. Hakukatazwa kuuliza kama ndege imefika au imeanguka. Watu wote wamepiga, hata wa mihogo, na yeye anayetaka kumwoa amekaa kimya tangu jana. Nusra alitembea na jambo hilo hadi kwenye mfereji mmoja ambao taa za matangazo huangukia majini rangi zote, na watu wamejaa kingoni wanapiga picha. Alisimama kwenye reli, akauona uzuri wote ule, na moyo ukamwuma kama mtoto aliyesahauliwa chuo cha Kurani. Hasira ilimjia juu ya Abubakar, na hasira zaidi ikamjia juu yake mwenyewe, kwa kuwa siku nzima tamu namna hii ilikuwa inataka kuharibiwa na simu moja isiyolia.

Vizuri, alisema moyoni. Jibu ni la. Nami nitalitamka.

Akapiga. Simu ya Abubakar ilikuwa imezimwa. Akapiga tena, imezimwa. Nahodha wa watalii, Jumamosi, saa sita mchana ya kwao, amezima simu? Hasira ikageuka ikawa hofu, akampigia Tofiki.

"Shikamoo kaka. Abubakar ana nini? Mbona simu yake haipatikani?"

"Marahaba. Hana neno. Simu yake ninayo mimi."

"Unayo wewe kwa nini?"

Tofiki akashusha sauti. "Aliniapisha nisikupigie kukwambia. Lakini umepiga mwenyewe. Aliniletea jana jioni, ameizima, akaniwekea mkononi. Akasema, shika wewe, maana mkono wangu naujua. Mama Salwa ameomba siku moja katika maisha yake yote, na mimi nikibaki na hii simu nitampigia nimuulize amekula nini. Nikamwambia, bwana, na wageni wako watakupataje? Akasema watapanda mashua ya mwenzangu."

Nusra akaishika ile reli ya mfereji.

"Yuko wapi?"

"Yupo hapa barazani tangu asubuhi. Hana kazi, hana simu. Amenitengenezea mlango wa choo, na sasa amekaa anautazama. Mbodze amegundua sasa hivi kwamba Abubakar ameizima simu kwa kusudi, amemkasirikia mno."

"Mpe."

Kulikuwa na vishindo, na sauti ya Mbodze ikisema ipokee bwana, usiifanye kama nyoka, kisha kupumua kwa mtu.

"Asalaam aleikum, Mama Salwa."

"Waaleikumu salaam."

"Kwani siku imeisha? Nimeuliza watu hapa, wameniambia huko ni saa kumi na mbili jioni. Bado una magharibi yako na isha. Mimi sina haraka." Akataka kuaga, akashindwa. "Umekula?" Kisha, kwa uchungu wa kweli: "Astaghfirullah. Nimeuliza."

Nusra alicheka. Alicheka hadi machozi yakamtoka, au yalitoka kwanza ndipo akacheka. Hata mwenyewe hakujua. Siku nzima alikuwa amejiuliza kama ataweza kuishi peke yake, na alikuwa ameliona jibu, kwamba ataweza, na vizuri tu. Hakuwa amejua kama kuna mtu anayeweza kumpenda na bado akamwachia siku yake.

"Abubakar," alisema. "Kuwa peke yangu ni kuzuri. Nisikufiche. Nimependa hasa."

"Alhamdulillahi," akasema Abubakar kwa sauti ndogo. "Nafurahi kama umestarehe."

"Kwa hiyo nina sharti. Kila mwaka nitataka siku moja kama hii. Sipigiwi, siulizwi niendako wala nitokako."

"Moja tu?" aliuliza Abubakar.

Nusra alifumba macho. Nyuma yake mji mkubwa ulikuwa unapita na mikoba na miavuli yake, watu wa heshima wasioongea kwa simu mbele za wenzao. Akanyoosha mgongo.

"Kaka yupo? Weka sauti kubwa, asikie. Na wifi asikie." Akavuta pumzi, akasema kwa sauti ile wanayoitumia wanawake wa mwani kuitana kutoka kamba moja hadi nyingine maji yanaporudi: "Mimi, Nusra binti Mwero, nimekubali kuolewa na Abubakar, kwa hiari yangu na kwa kinywa changu!"

Watu kingoni mwa mfereji wakageuka wote. Safari hii hakumwinamia mtu. Kutoka Kibuyuni kikaja kigelegele cha Mbodze kilichotaka kuipasua simu, na sauti ya Tofiki ikisema mashaallah, mashaallah, na kwa muda Abubakar hakusikika kabisa.

"Wewe nawe huruhusiwi kunyamaza," alimwambia Nusra.

"Sinyamazi," alisema Abubakar, na sauti yake ilikuwa imelowa. "Nusra, siku yako bado. Nenda." Akaikata simu yeye, kwa mkono wake mwenyewe.

Nusra akaitia simu mkobani, akakata kushoto, na hakuna aliyemuuliza aendako.